Jino la Mbele na Tarumbeta la Pasaka

Wewe unayesoma haya ukiwa umeshika shavu, kaa nami kidogo. Hapo ulipo nami nilikuwapo. Leo nakuandikia nikiwa nimetoka kutafuna hindi la kuchoma, tena gumu, na sitanii.

Naitwa Tumaini. Nimezaliwa na kukulia Mbozi, jirani na Misheni, katika nyumba ambayo ukifungua dirisha hili unaona kahawa, na ukifungua lile unaona kahawa tena. Kabla ya ugonjwa nilijulikana kwa mambo mawili, na yote yalikuwa mdomoni.

La kwanza ni tarumbeta. Kwa miaka sita nilipiga sauti ya kwanza katika kundi la kanisani kwetu. Alfajiri ya Pasaka huwa tunakwenda makaburini kabla jua halijatoka, watu wamejifunika mablanketi kwa baridi, na tarumbeta moja hulia peke yake kabla ya mengine kuitikia. Hilo moja lilikuwa langu. Babu yangu amelala pale, na Bibi husema mumewe hawezi kuianza Pasaka mpaka anisikie.

La pili ni meno. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa kwenye vichanja, na ikiuzwa mbichi inarudishwa. Sasa utajuaje kama imekauka? Kwetu unaing'ata. Punje mbichi inabonyea kama jibini. Punje kavu inalia, tak, na jino haliachi alama. Mimi niling'ata ya nyumbani, nikang'ata ya majirani, na mpaka watu wa kijiji cha Ruanda walileta punje zao kwenye leso ili nizisikilize. Baba alijivuna: "Wengine wana mizani. Sisi tuna Tumaini."

Mwezi wa nane, msimu ukiwa umepamba moto, niliweka punje tatu kati ya meno ya mbele nikang'ata. Kati yake palikuwa na kijiwe.

Tak ile haikuwa ya kahawa.

Nilitema mate, hayakuwa na damu. Nilipitisha ulimi nikakuta jino la mbele la kulia lina mchoro mwembamba, kama unywele uliolala juu ya sahani. Nikasema litazoea. Kwa wiki moja maji ya asubuhi yalinichoma mpaka kwenye jicho. Kisha maumivu yakakoma ghafla, nami nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba jino linaloacha kuuma bila kutibiwa si lazima liwe limepona. Langu lilikuwa limekufa.

Jino mfu nalo hubadilika rangi. Likaanza kuwa la kijivu, kama punje iliyonyeshewa mvua ikiwa kwenye kichanja. Nikajifunza kucheka kwa mdomo uliofungwa. Kwenye mazoezi nikasogeza tarumbeta pembeni ya mdomo, maana kulikandamiza pale katikati kulikuwa kama kusimama juu ya msumari. Kiongozi wetu, Mwalimu Simbeye, alisimamisha kundi zima.

"Tumaini, mbona unapiga kama mbuzi anayekula kupitia kwenye uzio?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Sikumwambia. Nilijua kauli yake: tarumbeta halipigwi kwa mapafu, linapigwa kwa meno mawili ya mbele na ukaidi. Jino moja likiondoka, pumzi inavujia pale na sauti inakuwa ya kuku. Niliogopa kupoteza nafasi kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko hata lile la kung'ata.

Mwezi wa kumi kikatokea kijipu juu ya ufizi. Nilikiminya kwa kidole mbele ya kioo, kikapasuka, na mdomo ukajaa ladha ya chumvi na shaba kuukuu. Nilitapika. Siku ya pili nilikuwa Tunduma kwa shughuli za nyumbani, na karibu na mpaka kijana mmoja anayeuza dawa kwenye trei, aliyezoea wateja wa kutoka Zambia, akaniona, akanisalimu kwa lugha yao.

"Mulishani, sista! Hilo jino hilo. Chukua rangi mbili, kesho unatafuna mfupa."

Nikanunua zile kapsuli za rangi mbili. Siku mbili uvimbe ukapungua, nikaacha kumeza. Siku ya tano ukarudi na ndugu zake wote. Mdomo wa juu ulivimba ukagusa pua. Jicho la kulia likafumba. Nilikuwa na homa, natetemeka juani, na mate yalinidondoka kama mtoto anayeota meno.

Baba alinitazama mara moja tu. "Ling'olewe leo."

"Baba, Pasaka je?"

"Pasaka ni ya walio hai, mama."

Bibi, ambaye hana hata jino moja, aliniwekea kitambaa cha maji ya moto shavuni. "Mke mwenzangu, usilie. Mimi yametoka yote na bado nasengenya vizuri."

Hospitalini Vwawa, tabibu wa meno alipasua jipu likatoka usaha mwingi, wenye harufu ambayo sitaisahau, na papo hapo jicho likafunguka kidogo. Alinipa dawa akaniangalia kwa ukali. "Dozi siyo kionjo. Unamaliza. Usaha wa jino la juu ukipanda unaweza kufika kwenye jicho na kwenye ubongo." Kisha akauliza nafanya shughuli gani. Nilipotaja tarumbeta, aliweka koleo chini. "Kung'oa naweza sasa hivi. Lakini wewe nenda Mbeya kwanza. Siku hizi kuna mengine."

Ndivyo nilivyofika kwa Daktari Rehema, mwanamke mfupi mwenye mikono midogo na kicheko kikubwa. Alitazama jino, akanitazama mimi.

"Ulilifanya nini?"

"Nilikuwa napima kahawa."

"Kwa jino?" Akavua barakoa. "Nimetibu waliofungua soda, waliokata waya, mpaka aliyemng'ata mume. Wa kahawa wewe ndiye wa kwanza."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Aliinamisha kichwa.

Mashine ilizunguka kichwa changu mara moja, na dakika chache baadaye taya langu lote likawa kwenye kompyuta, likigeuka huku na huku kama mtu anayekataa. Daktari alionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Kilikuwa na umbo la punje ya kahawa kabisa. Halafu akaonyesha ufa.

"Mwanzo huu ufa ulikuwa juu tu. Ungekuja wakati ule ningesafisha ndani ya mzizi kwa sindano laini zinazojikunja, nikaliziba, na jino likabaki. Miezi miwili ya kung'ata na kupuliza imeushusha mpaka chini. Hili limeshaondoka, Tumaini."

Nililia. Kisha nikauliza swali moja tu: "Nitapiga Pasaka?"

Akahesabu kwa vidole. "Zamani ningekwambia sahau. Sasa tunaweza kupandikiza mzizi wa titaniamu, na uso wa mizizi ya siku hizi umekwaruzwa makusudi ili mfupa uushike mapema. Lakini mfupa hauharakishwi na mtu, hata mwenye tarumbeta. Mfupa ukikubali, utapiga. Ukikataa, tunaanza upya mwakani. Siwezi kukuahidi."

Aliling'oa siku hiyohiyo. Sikusikia maumivu, ila sauti tu, kama mtu anachimba mtaro kwenye nyumba ya jirani. Baada ya wiki sita, kidonda kilipokuwa kisafi, nilirudi. Mashine yao ilikuwa imechapa kibao kidogo chenye tundu, kinachokaa juu ya meno na kumwongoza daktari atoboe palepale kompyuta iliposema, asipapase. Akaweka skrubu ndogo kuliko msumari wa kiatu, akajaza unga wa mfupa pembeni, akashona. Niliondoka na jino la kuvaa na kuvua, la kuficha pengo tu, na amri moja: nisilitikise eneo lile.

Alipokuwa anaeleza kwa nini, Baba akaingilia kati kwa mara ya kwanza. "Daktari, ni mche. Ukiupandikiza, ukaanza kuutikisa kila siku kuona kama umeshika, unakufa."

"Hivyohivyo, mzee. Nitaanza kuwaeleza wagonjwa namna hiyo."

Baba aliyetaka ling'olewe akawa mlinzi wa mche. Nikishika kashata, "Mche!" Nikicheka sana, "Mche!" Nikipiga chafya kanisani, kichwa chake kiligeuka kutoka upande wa wanaume. Gharama sitaificha wala sitaihesabu hapa. Niseme tu kwamba ng'ombe mmoja alihama zizi, na Bibi alimuaga kwa heshima zote.

Miezi ile sikupuliza. Nilikwenda mazoezini nikabeba vitabu vya nyimbo na kufuta matarumbeta ya wenzangu. Kiti cha sauti ya kwanza kilikuwa kitupu.

"Mwalimu, mpe mtu mwingine," nilimwambia Simbeye siku moja.

"Nikimpa mtu ataizoea, halafu kumtoa ni vita."

"Na mfupa ukikataa?"

"Nitapiga mwenyewe." Akakohoa. "Na wafu watahama makaburi."

Nilicheka mpaka Baba, aliyekuwa nje anasubiri, akagonga dirisha.

Mwezi wa tatu tukarudi Mbeya. Daktari Rehema aliweka kifaa kidogo kwenye skrubu, kikaonyesha namba, akaisoma. Kisha akachukua mpini wa kioo chake cha chuma, akagonga pale mara moja.

Tin.

Sauti kavu, safi. Kabla daktari hajafungua mdomo, Baba alisimama, kofia ikaanguka.

"Imekauka!"

Daktari akamgeukia. "Umejuaje?"

"Daktari, hiyo sauti nimeisikiliza maisha yangu yote."

Mfupa ulikuwa umekubali. Sikung'atishwa ule unga wa kukaba koo wa kuchukulia umbo la meno, tuliosimuliwa na wazee. Alipitisha kijiti chenye mwanga mdomoni, na meno yangu yakajichora kwenye kompyuta. Chumba cha pili mashine ikachonga jino jipya kutoka kwenye kipande cheupe kama chaki. Wakati tunasubiri alinisimulia mambo ya fani yake, macho yakiwaka: dawa ya kupaka kwenye meno ya watoto inayosimamisha kuoza bila kutoboa, vifuniko visivyoonekana vya kunyoosha meno, na watafiti wanaojaribu dawa ya kuotesha jino upya kabisa, ingawa hiyo bado iko kwenye majaribio. Nilipomweleza Bibi baadaye alisema, "Mimi waniandike namba ya kwanza. Nitasubiri."

Daktari alikuwa ameniagiza nije na tarumbeta langu. "Sitaki jino la picha. Nataka jino la kazi." Akalifunga, nikaweka tarumbeta mdomoni palepale kwenye kiti, nikapuliza.

Ilitoka sauti ya ndama. Daktari akalisaga jino kidogo kwa nyuma. Nikapuliza tena. Ndama mkubwa zaidi. Akasaga tena, akapangusa vumbi, akasema, "Polepole, kama unapuliza moto wa kuni." Nikafumba macho nikapuliza.

Sauti ilitoka nzima. Ilijaza chumba, ikapita mlangoni, na huko kwenye benchi la kusubiri mtu akasema kwa sauti ya shavu lililovimba, "Jamani, Yesu amerudi na mimi sijang'olewa!" Tulicheka wote. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameufunika uso kwa kofia.

Pasaka ilikuja na ukungu. Tulitembea kimya kati ya mibuni, taa chache, mablanketi mengi. Makaburini Mwalimu Simbeye hakunitazama. Aliinua tu kidole kimoja. Nikasikia jino likiwa thabiti nyuma ya mdomo wangu, baridi kidogo, halina woga. Nikapiga. Tarumbeta lililia peke yake juu ya mawe na majani yenye umande, mpaka mwisho wa sentensi yake, na hapo mengine yakaitikia, na watu wakaanza kuimba kabla hata jua halijaamua.

Bibi alinishika mkono tulipomaliza. "Umepiga kama mtu mwenye meno yake."

"Ni yangu, Bibi."

Alinivuta akaligusa kwa kidole, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. "Kweli. Limeshika."

Namshukuru Mungu, na yule tabibu wa Vwawa aliyeweka koleo chini, na Daktari Rehema, na ng'ombe wetu. Kwako uliyeshika shavu nina maneno machache. Usililinde jino lako kwa kulificha. Usimeze nusu ya dawa. Likiacha kuuma lenyewe, ndiyo siku ya kwenda hospitali, maana likiwahiwa, mara nyingi lako la kuzaliwa linaokolewa, na hakuna la fundi linalolishinda. Ukiambiwa ling'olewe, uliza kwanza kama kuna njia nyingine. Huenda ipo, huenda haipo, lakini kuuliza hakuumi.

Msimu umeanza tena. Baba amenunua kipimo cha unyevu, kidogo, cha kukaa mkononi. Juzi jirani alikuja na punje zake kwenye leso akanielekezea mimi. Baba akamkata njiani, akazipima, akamsomea majibu. Jirani hakuridhika.

"Huyo binti angeng'ata moja tu, mzee mwenzangu. Nisikie."

"Ukitaka kumsikia," Baba akamwambia, "njoo Pasaka."