Wifi na Pasi ya Mvuke

Wifi yangu ni kiziwi tangu utotoni, na ukimwonea huruma atakuumbua mchana kweupe. Tunafanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Mashine zinanguruma hadi meno yanatetemeka, kwa hiyo huko ndani sote tunaongea kwa mikono. Aliyetufundisha ni yeye. Alianza na matusi, kisha ndiyo mambo ya kazi.

Siku moja pasi kubwa ya mvuke ikamuunguza kiganja. Akadai iwekewe kinga, msimamizi akamfukuza. Saa ya chakula tukakutana, mashine zimezimwa, naye hajaondoka bado: tugome mpaka arudishwe, au tunyamaze?

Weee! Kila kundi likamvutia kwake. Kamati ya wanawake ikasema hili ni letu, wanaume wakae pembeni. Wenzetu waliohamia kutoka nje kama yeye wakasema kaonewa kwa ugeni wake. Katibu wa chama chetu, mjamaa wa siku nyingi, akapiga meza: "Ndugu zangu, hapa kuna tabaka tu! Hayo mengine baadaye."

"Baadaye yako mwaka gani?" nikamfokea. Nilichemka kwelikweli. Mtu kapoteza kazi, wao wanagombania msiba ni wa nani!

Msimamizi kusikia makelele, akawasha mashine zote ili tusisikilizane. Masikini, hajui tunavyoishi huku chini!

Katibu akabaki anafumba na kufumbua mdomo. Wifi akapanda juu ya meza ya kukunjia mashuka, akasema kwa mkono wake mzima: "Mimi mwanamke. Mimi mgeni. Mimi kiziwi. Sifuti hata kimoja. Na pasi ile kesho itamuunguza yeyote kati yenu."

Kisha akauliza nani anagoma. Katibu ndiye aliyetangulia kuinua mkono, haki yake nimpe. Msimamizi alipozima mashine akidhani tumetawanyika, alikuta mikono yote iko juu.

Mashuka yakarundikana hadi mlangoni, mahoteli yakapiga simu kwa hasira. Mwishowe msimamizi akashuka mwenyewe, mpole, akauliza azungumze na nani. Wote tukamwonyesha wifi.

Katibu akatafsiri bila kuongeza neno lake hata moja, muujiza ambao sijauona tena. Wifi alirudi kazini siku ileile, na hakugusa pasi mpaka fundi alipomaliza kufunga kinga.