Niliombewa Nikiwa Nyuma ya Ukuta

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, ndipo aibu yangu ilipoanza, na naiandika tu kwa sababu Oldeani nzima imeshaisimulia kunishinda.

Siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba itoe watu wa kubomoa kipande cha ule ukuta wa mawe ulioachwa na mzungu aliyelima kahawa hapa zamani (kipande tu, kingine kibaki kuzuia ng'ombe), mawe yabebwe hadi kwenye msingi wa zahanati. Sasa mimi, msichana wa kidato cha pili, nipite na jiwe kichwani mbele ya wavulana wa shule yetu walio likizo? Nikamwambia mama kichwa kinauma. Mama, ambaye hajui kudanganya, akaenda kumweleza balozi wetu wa nyumba kumi kwamba mwanawe yuko hoi.

Ningelala, yangeishia hapo. Lakini nilisikia nyundo, nikachukua viazi viwili vya kuchemsha, nikajifunika blanketi, nikazunguka kwa nyuma na kuchuchumaa nyuma ya kile kipande cha kubaki (walishakiwekea alama ya chokaa), nikawa nachungulia kwenye tundu. Mara katekista akawasimamisha wote.

"Kwanza tumwombee binti yetu Paskalina, hali yake si nzuri."

Mama akapiga magoti kwenye vumbi. Mimi nikaitika amina kimoyomoyo, kiazi mdomoni.

Ukuta haukujali chokaa. Pigo moja tu la mtaimbo, ukaporomokea upande wao, pamoja na kipande kilichonificha, watu wakaruka, na vumbi lilipotulia, mimi huyo, blanketi begani, shavu limevimba kwa kiazi.

"Jamani, maombi yamejibiwa upesi!" akasema balozi.

"Na hamu ya kula imerudi," akadakia mvulana wa kidato cha nne, yule yule niliyekuwa namkwepa.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka. Alimgeukia balozi akasema taratibu, "Baba, nisamehe, nimekudanganya," kana kwamba uongo ulikuwa wake. Hapo ndipo nilipotamani mawe yale yangeangukia upande wangu.

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya uji, nilikwenda peke yangu kubeba fungu la mawe la nyumba yetu, nikiapa kwamba kichwa changu hakitauma tena siku ya msaragambo, hata kikiuma. Kwenye jiwe la nne kikaanza kuniuma, kweli kweli. Ningemwambia nani?