Siku Tuliyomshusha Ojwang' Jukwaani

Siku ile Homa Bay naikumbuka kama ya jana, mwanangu, ingawa kichwa changu sasa ni mvi tupu. Ilikuwa Jumapili alasiri, ukumbi umejaa, na watu walikuwa wanatuzomea. Nakusimulia kwa sababu nimeona jinsi unavyoshinda na simu tangu albamu yenu itoke, unasoma wanayosema watu hata chai inapoa. Nimesikia pia kwamba unataka kumwondoa yule binti anayewapigia nyatiti, kile kinubi chetu cha nyuzi nane. Kabla hujamwondoa, nisikilize.

Mimi nilikuwa mwimbaji, msichana wa Suna, pale Migori. Baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa ameacha kunisemesha kwa ajili ya muziki huo. Chacha, Mkuria mpole kama maji ya mtungi, alipiga gitaa. Tulipiga roki, tena ya kutikisa mabati, na vijana wa Migori walitupenda sana. Kisha tukampata Ojwang', mchimba dhahabu wa Macalder, aliyepiga orutu, lile zeze la uzi mmoja. Mara ya kwanza kumsikia, mwili ulinisisimka. Tukarekodi kanda nzima pamoja naye, gitaa na orutu, nyimbo nyingine kwa Kijaluo na nyingine kwa Kikuria.

Kanda ilipotoka, kila mtu alisema lake. Vijana walisema tumeleta zeze la matanga kwenye roki. Wazee walisema tumeharibu orutu kwa kelele. Wako walioipenda, lakini hao sikuwasikia. Moyo wa binadamu ndivyo ulivyo, sifa hupita njia na tusi hulala ndani. Mwalimu mmoja wa Homa Bay aliniandikia barua ya heshima kabisa, kwamba nyimbo ni nzuri ila gitaa linamfunika mpiga orutu. Nikaichana mbele ya bendi nzima. Kwangu mimi yeye na wenye matusi walikuwa kitu kimoja.

Basi siku ile ya Homa Bay, wimbo wa pili haujaisha, watu wakaanza kupiga miluzi na kudai roki yao. Niliogopa, mwanangu. Nilimsogelea Ojwang' nikamwambia sikioni ashuke. Hakubisha. Aliifunga orutu yake kwenye kitambaa, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimcheka, akatoka. Tukapiga nyimbo zetu za zamani na ukumbi mzima ukacheza. Chacha alipiga gitaa hadi mwisho bila kunitazama. Kesho yake tukasikia Ojwang' amerudi machimboni.

Miezi ilipita. Siku moja nilimsindikiza mjomba soko la mifugo la Ogwedhi kununua fahali. Pale nikamkuta mama mmoja mzee anayeuza kamba za ng'ombe, na kwenye redio yake ya kanda unalia wimbo wetu, ule wenye orutu. Kanda ilikuwa imechakaa hadi sauti inayumba. Nilijitambulisha kwa majivuno kidogo. Akafurahi, akauliza habari za mpiga orutu. Nikamweleza kwamba watu hawakumtaka, tukamwacha.

Akamaliza kusokota kamba aliyokuwa nayo. Kisha akasema, "Nyathina, mwanangu, uliwasikiliza waliopiga kelele. Sisi tuliokaa kimya tulikuwa tunasikiliza wimbo. Mbona sisi hukutuuliza?"

Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimeyapa madebe usukani wa bendi.

Wiki hiyo hiyo nikaenda Macalder. Nilimkuta Ojwang' ameinama juu ya karai anaosha mchanga, magoti yamejaa tope. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama juani, mbele ya wenzake wote, naye akaendelea kuosha. Mwishowe akauliza, "Na wakizomea tena?"

"Nitasimama karibu nawe hadi wimbo uishe."

Akatikisa karai lake. "Yule mwalimu uliyemchania barua alisema kweli. Gitaa lenu lilinifunika. Nami mwenyewe nilikuwa sijisikii."

Hilo lilinichoma kuliko kuzomewa. Kumbe ukweli nilioutafuta ulikuwa umeniandikia barua.

Hakuja siku ile. Alikuja wiki ya tatu, na orutu yake kwenye kitambaa kile kile. Chacha akashusha sauti ya gitaa, tukajifunza upya nyimbo zote, kisha tukarudi Homa Bay. Wengine walizomea wakatoka. Nilisimama karibu na Ojwang' kama nilivyoahidi. Waliobaki walisogea mbele, wakakaa kimya, na wimbo ulipoisha wakaomba urudiwe. Hatukupata utajiri. Lakini Ojwang' alipiga nasi miaka mingi, na watoto wa Chacha, Wakuria wale, ndio aliowafundisha orutu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa hiyo, mwanangu, anayekutukana mwache apite, usimjibu wala usimtii. Anayekukosoa kwa adabu mkaribishe, hata akikuuma, maana huyo amesikiliza hadi mwisho. Na anayekaa kimya usidhani hayupo. Kama nyimbo zina kasoro, rekebisheni nyimbo. Mwenzako usimtoe kafara ili wageni wakupigie makofi, kwa kuwa makofi huisha jioni hiyo hiyo, naye utamkosa asubuhi. Leo mpigie simu yule binti wa nyatiti umwambie abaki, kabla hajasikia kwa watu kwamba ulitaka kumwondoa.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe masikio mapana na moyo usioyumba. Akujalie wenzako wazeeke nawe mkiwa bado mnapiga, na muziki wenu uwafikie hata wale msiowajua, wakiwa kazini mwao kimya. Nenda na baraka zangu zote.