Bhoke na Kijino cha Bastola

Kabla hujaondoka kwenda kwenye kazi yako mpya ya silaha, mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo. Nilikuwa msichana kule kijijini Susuni, nalinda ulezi usiliwe na ndege, pamoja na Robhi na Nyangi, mabinti wa jirani yetu Marwa. Nikirusha jiwe kwa kombeo, nakosa, ndege wanaendelea kula. Shangazi yangu Wankuru akanivuta sikio: "We mtoto, mara unatazama kombeo, mara ndege! Mtazame ndege tu!" Nikamtazama ndege tu, na kweli nikaanza kupiga. Nikajua habari ya shabaha nimeimaliza.

Sasa mwaka huu mjukuu wangu Bhoke, binti wa Chacha, kaja mapumziko. Anasomea uaskari wa wanyamapori huko Serengeti. Hata shikamoo yake ilitoka kinyonge. Bastola ilikuwa inamshinda. Amebakiza jaribio la mwisho, akikosa anarudishwa nyumbani.

"Kwani unatazama wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye lengo, Bibi, ulivyonifundisha shambani. Lakini Afande Magige, mkufunzi wetu, ananigombeza. Anataka nitazame kile kijino kilicho mbele juu ya mtutu, lengo niliache liwe na ukungu."

"Ukungu? Na jangili naye asubiri uishe?"

Akacheka. Akaniambia ninyooshe mkono, nitazame kidole tu, nione ng'ombe wetu Nyamweru pale zizini atakavyofifia. Nikanyoosha. Nyamweru nikamwona mpaka ncha ya mkia. Kidole ndicho kilichofifia.

"Mbona kwangu ni kinyume?"

"Huo ni uzee, Bibi!" Kisha akasema taratibu, "Mkono ukiyumba kidogo hapa, risasi inapotea mbali kule. Nikitazama kijino, naona ninavyoyumba."

Mwanangu, nilichanganyikiwa. Shangazi Wankuru hakunidanganya, ndege nimewaangusha mwenyewe. Na huyo Magige, Bhoke anasema hakosi. Wote wawili wanasema kweli, halafu hawapatani! Nitamwambia nini mtoto? Asubuhi akipanda bodaboda nikamshika mkono: "Ya kwangu yaache hapa. Fuata ya Magige." Lakini moyoni sikuwa na hakika. Je, kama nimempoteza?

Jumamosi simu ikaita. "Bibi, nimepita!"

"Lengo uliliona?"

"Sikuliona vizuri."



Mpaka leo jambo hili sijalielewa lote, na sitajifanya nimelielewa. Ila hili nakuambia: aliyekulea anaweza kukufundisha vizuri, na bado kazi uliyoipata ikataka macho mengine. Usimdharau, lakini usiifanye kazi ya leo kwa mazoea ya shambani kwake. Msikilize anayeijua, na tazama kwanza mkono wako unayumbaje, hata kama kule mbele hakuonekani sawasawa.

Mungu akutulize mkono, mwanangu, na silaha utakayopewa isimguse asiye na kosa. Urudi mzima, nikupikie.