Ndui Yake na Chanjo Yangu

Ndui ilipoingia kwenye nyumba za reli hapa Nakuru, nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nilikuwa nacheka ovyo. Mama jirani yetu aliugua pamoja na mtoto wake, wakatengwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya karakana. Dresa, mhudumu wa zahanati, akaja kuuliza nani atawapelekea chakula. Alitaka watu ambao ugonjwa hautawashika.

Nikainua mkono, maana nilichanjwa nikiwa mtoto. Akainua na kijana mmoja fundi wa mabehewa, uso wake umejaa makovu ya ndui ya utotoni.

"Wewe dada nitakuchanja tena," dresa akasema. "Chanjo huchoka na miaka. Huyu aliyeugua, kinga yake hukaa zaidi." Hata hivyo akamchanja naye kwa kumkwaruza mkono, asije akajilaumu baadaye.

Mkono wangu ulivimba ukawasha mpaka nikakosa pa kuuweka. Wake ulitoa kipele kidogo, kikakauka. Basi akaringa! Siku dresa aliponiruhusu kwenda kibandani na huyo fundi, tukiwa tumeshika sufuria ya uji huku na huku, akaniambia, "Yangu ni chuma. Yako ni rangi, lazima ipakwe upya."

"Hicho chuma ulikipataje?"

"Tuliugua watatu nyumbani. Nikabaki mimi. Ningeulizwa, ningechagua mkwaruzo wako."

Yeye akatazama mkono wangu uliovimba, akasema, "Ingawa huo nao unafanana na kiazi," na mimi nikaangua kicheko, uji ukamwagika kwenye viatu vyake, naye akaanza kurukaruka kwenye kokoto akipiga kelele. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Kutoka ndani ya kibanda mgonjwa akaita, "Nyinyi wawili! Mnaleta uji ama mnaleta harusi?"

Nilihisi masikio yakiwaka. Fundi akajibu, "Mama, uji kwanza!"

Jirani na mwanawe walipona. Harusi ilikuja kweli, na jirani alicheza kuliko wote. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mume wangu alimfunga kwenye blanketi asubuhi iliyofuata, akakimbia naye hadi zahanati akachanjwe. Dresa alimrudisha mbio. "Mzee, hata kitovu hakijakauka!"