Jibu Lililoishia Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kompyuta. Nilipewa karatasi na kalamu. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nimetoka kuchapa barua katika ofisi ya mgodi iliyopunguza wafanyakazi, na nilikuja nimevaa suti yangu ya harusi. Aliyenipokea, Chef wetu, yaani mkuu wa mafundi, alikuwa mwanamke ambaye ningeweza kumzaa. Karatasi ile niliiona dharau tupu.

"Papa Kasongo," alisema, "weye uko page. Miye minaingia mu bureau, minafunga mulango. Andika swali, uipitishe chini ya mulango, alafu ungoye jibu."

Nilicheza mchezo ule, mimi ukurasa na yeye ofisini nyuma ya mlango, asubuhi nzima huku wenzangu wakinicheka. Kufikia mchana nilikuwa nimeielewa kazi. Tulitengeneza viendelezi, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea uwezo. Kiendelezi kina pande mbili. Upande mmoja unakaa kwenye ukurasa unaouona. Mwingine, tuliouita msikilizaji, unakaa nyuma, karibu na data. Hawaonani kamwe. Wanaishi kwa kutumiana ujumbe. Baadaye nilisoma vitabu vinene vya kompyuta, na hakuna kilichonifundisha vizuri kuliko mlango ule wa bluu uliochubuka rangi.

Nilianza kama mpimaji wa programu, nikapanda hadi kuwa mhamishaji. Kuhamisha ni kuchukua kiendelezi kilichoandikiwa kivinjari kimoja na kukifanya kiende katika kingine. Vijana hudhani ni kazi ya kunakili. Wajaribu waone. Vivinjari ni kama wakwe: kila nyumba ina desturi yake, na humpati wa kukuambia mpaka umekosea.

Siku moja Directeur, mkurugenzi wetu, aliniita. Zahanati moja ya Kambove ilikuwa inabadilisha kivinjari.

"Papa Kasongo, ile extension yabo, utaihamisha kwa juma moja?"

"Nitaweza, Directeur," nilijibu kabla hajafunga kinywa. Mdomo huponza kichwa.

Kiendelezi chenyewe kilikuwa rahisi kueleza. Muuguzi akiandika jina la dawa, ukurasa unamuuliza msikilizaji kama mwili wa mgonjwa yule unaikataa dawa hiyo. Kama ndiyo, skrini inawaka nyekundu. Nilimaliza kwa siku nne. Nilipima kwenye kompyuta yangu, nyekundu ikawaka, nikapeleka kazi, nikatembea mjini kifua mbele.

Wiki ya tatu simu ikaja. Muuguzi mmoja, Mama Ngoie, alikuwa amemchoma mgonjwa sindano ya dawa ambayo mwili wake haukuitaka. Mgonjwa alivimba uso, pumzi ikabana, na walimwokoa kwa shida. Daktari mkuu alimsimamisha Mama Ngoie akisema amepuuza onyo la mashine. Yeye akasema onyo halikutoka. Asipoaminiwa angefukuzwa, baada ya miaka ishirini ya kazi.

Nami nilisema nini? Nakiri kwa aibu.

"Chef, nilipima. Rouge ilitoka, nyekundu kabisa. Ule mama alisahabu tu kuangalia."

Chef alikataa. "Papa, muntu wa miaka makumi mbili mu kazi anasema hakuona rouge. Tuanze na kumuamini. Twende kule."

Mama Ngoie alitupokea nyumbani kwake. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi, ingawa alikatazwa kukanyaga zahanati.

"Banatuambiaka, muamini machine," alisema. "Niliandika dawa, nikangoya. Machine ikaandika: hakuna tatizo. Njo nikachoma."

Nilitegemea Chef atafungua programu yangu. Aliomba karatasi. Akamfanya Mama Ngoie kuwa ukurasa, yeye mwenyewe akaingia chumbani kuwa msikilizaji, na mimi akaniweka mlangoni, mlango ukiwa wazi.

"Papa, weye ni navigateur mupya. Fanya tu vile yenyewe inafanyaka."

Desturi ya kivinjari kipya niliijua. Katika kile cha zamani, msikilizaji akitoa ahadi kwamba jibu linakuja, mlango unabaki wazi. Kipya hakikuitambua ahadi ya namna hiyo. Kilitaka msikilizaji aseme palepale, kwa neno lake maalumu, "nishikie mlango"; asiposema, kinafunga. Nami, kwa haraka yangu ya siku nne, niliiacha ahadi ya zamani kama ilivyokuwa.

Mama Ngoie akapitisha karatasi yake. Chef akaanza kufungua daftari polepole, kama mtandao wa Kambove ulivyo. Hakusema neno. Kwa hiyo nikafunga mlango. Punde nikamsikia anagonga kwa ndani, jibu mkononi, na desturi haikuniruhusu kumfungulia. Ofisini kwetu Lubumbashi data zilikuwa palepale kwenye mashine, kwa hiyo jibu lilikuwa likiwahi kutoka. Ndiyo sababu nyekundu iliwaka nilipopima.

"Na jibu isipofika," Chef aliuliza kutoka ndani, "page inaandika nini?"

Nilijua. Mstari ule wa programu ulikuwa wangu: jibu likikosekana, andika hakuna tatizo. Nilitaka skrini ionekane safi. "Inaandika: hakuna tatizo," nilijibu.

"Njo weye uliandika vile?" Mama Ngoie aliniuliza.

"Njo miye, mama," nilikiri.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Dawa ya kosa lile ilikuwa mistari miwili. Mmoja ulimfundisha msikilizaji kuomba mlango ushikwe. Mwingine uliamuru ukurasa, usipopata jibu, uandike: sijui, muulize mgonjwa. Chef aliwaandikia daktari mkuu na Directeur barua moja ndefu, na kabla ya juma kwisha Mama Ngoie alirudi kwa wagonjwa wake. Lakini Directeur alikuwa ametaka jina la mwenye kosa. Nilikusanya vitu vyangu mezani nikangoja kufukuzwa. Sikufukuzwa. Nikaamini kwamba Directeur amenionea huruma, na kila mwaka mpya nilikwenda kumshika mkono kwa heshima. Mwaka uleule Chef alinyimwa cheo ambacho sote tulijua ni chake, na ofisini tulisema ni siasa.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini na mbili. Siku ya kuaga, karani alinikabidhi faili la kazi zangu, na ndani yake nikakuta nakala ya barua ile. Chef alikuwa ameandika: "Mstari huo niliagiza mimi. Fundi alitii." Nilimpigia simu palepale.

"Chef, hii barua ni bongo, haukuniagiza kitu."

"Papa, ulikuwa na batoto bane ku masomo. Na ulisema 'njo miye' mbele ya ule mama. Miye nilitaka fundi wa vile abakie."

Nililia kwenye simu, mzee mzima, na sioni haya kusema. Mnaojifunza kazi hii mtaambiwa mengi kuhusu ujumbe na vivinjari, na mengi yatabadilika kabla hamjazeeka. Mimi nina jambo moja tu la kusahihisha. Mstari ule hakuna aliyeuagiza. Niliuandika mimi, Kasongo.