Mwami mwenye penuari ya roze

Wakati waasi walipoushika mji wetu wa Bukavu, nilikuwa mwalimu na kiongozi wa kikundi cha mchezo wa kuigiza cha parokia. Tulitayarisha mchezo juu ya mwami mmoja, mfalme wa kienyeji, mwenye kula mbuzi za raia. Aliyeigiza mwami alikuwa Papa Bisimwa, seremala. Siku alipokuja na kofia ya kijeshi nilimnyang'anya haraka, waasi wasijione ndani yake, nikamvika penuari ya roze ya mke wangu, lile gauni la rangi ya waridi analovaa akitoka kulala. Nikamwagiza pia atengeneze kiti kirefu, miguu ya mwami akikaa isifike chini. Nilijiona mjanja kupita Bukavu nzima.

Jumapili Komanda wa waasi akaja mwenyewe, akakaa mbele na walinzi wake. Mwami alipoingia, walinzi wakacheka hadi machozi. Mimi, nyuma ya pazia, nikajipongeza.

Mchezo ulipokwisha, Komanda akaniita.

"Mwalimu, ule mwami ni mimi?"

"Hapana, Komanda! Ule anavaa penuari ya mwanamuke. Mwanajeshi gani anaweza kuvaa vile?"

"Mimi. Kila asubui. Na hawa walinzi banajua."

Walinzi wakaangalia dari.

"Na juu ya nini miguu yake ilikuwa inaning'inia?"

Nikajibu kwamba seremala alikosea vipimo. Kumbe Papa Bisimwa alikuwa nyuma yangu, bado na penuari, na hakupenda kazi yake itukanwe.

"Sikukosea, Komanda!" akasema kwa sauti ya jukwaani. "Mwalimu mwenyewe alitufasiria: miguu ikikosa kugusa chini, watu bataona kama ile kiti haiko yake."